Uliza Ujibiwe: Kuni na Vyombo Vyake

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Malindi, Gede, Marafa na Lamu, na takriban zote zinahusu kuni: kuzipata, kuzikata, kuzibeba, na vyombo vinavyokufa njiani. Barua tumezifupisha, maswali tumeyaacha kama yalivyo.

Beringi ya kushoto

*Assalaam alaykum ndugu mhariri. Nachuuza kuni za mvinje kutoka Ganda hadi Malindi mjini kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, ekseli yake ni ya gari kuukuu. Beringi ya kushoto haimalizi miezi mitatu. Ya kulia iko tu, haina neno. Fundi ameshabadilisha mara tatu na kila mara ananiambia beringi za siku hizi ni bandia. Nifanyeje? – Mchuuzi, Maweni*

Waalaykum salaam ndugu yetu. Beringi bandia zipo, hatubishi, lakini bandia haichagui kushoto. Ikifa ya upande mmoja, tafuta kinachoupata upande huo na mwingine haukipati. Mkokoteni hutembea kushoto mwa barabara, na gurudumu la kushoto ndilo linaloshuka ukingoni mwa lami, kwenye mchanga, madimbwi na mashimo. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyopata moto ikizama dimbwini, hewa ya ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka, ule mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Grisi iliyoingia maji hugeuka rangi ya maziwa, na hapo kutu imeshaanza kazi. Basi anza na vitu viwili vya bei ndogo ambavyo mafundi wengi huvirudisha vilevile vya zamani: sili ya nyuma na kofia ya bati ya mbele. Kofia ikipotea, watu hufunga mfuko wa plastiki kwa mpira wa tyubu. Si haba kwa safari moja, lakini isiwe ndiyo kofia ya mwaka mzima.

Kisha muulize fundi wako swali hili: mara tatu zote alizobadilisha, alitoa na kikombe? Beringi ya koni ina sehemu mbili, koni yenye vyuma vinavyobiringika, na kikombe cha nje kilichogongwa ndani ya habu. Kutoa kikombe ni kazi, kinataka nyundo na kipande cha chuma laini, kugonga huku na huku kidogokidogo kisiende upande. Fundi mwenye haraka hubadilisha koni na kuacha kikombe kile kile chenye vishimo. Koni mpya juu ya kikombe kibovu huliwa upesi, na lawama inaangukia duka.

Ukitaka kuifanya mwenyewe, inua upande ule kwa jeki mkokoteni ukiwa mtupu, na uzuie gurudumu la pili kwa mawe. Toa kofia, nyoosha pini inayofunga nati, fungua nati, vuta habu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, kisha vikauke juu ya kitambaa safi. Sasa soma chuma. Rangi ya buluu au kahawia iliyokolea ni moto: nati ilikazwa mno au grisi haikuwepo. Vishimo vidogovidogo ni maji. Michirizi inayozunguka ni mchanga. Na kama kikombe kimelika upande mmoja tu, ekseli imepinda au habu haikukaa sawa, na hapo hata beringi ya bei ya juu itakwenda njia ile ile. Peleka ekseli kwa fundi wa kuchomelea ainyooshe au atafute nyingine.

Grisi iwe ya beringi, namba 2. Weka bonge kwenye kiganja, kisha sukuma ukingo mpana wa koni ndani ya bonge mpaka grisi itokee upande wa pili, katikati ya vyuma vyote, huku ukizungusha. Ndani ya habu jaza theluthi moja hivi, usishindilie; grisi ikizidi hupata moto na kusukuma sili nje. Mafuta machafu ya injini hayana nafasi hapa, yana masizi na unga wa chuma. Kukaza ndiko wengi wanakokosea: kaza nati huku gurudumu linazungushwa kwa mkono, mpaka uhisi linakuwa zito. Halafu irudishe nyuma robo duara, ikaze tena kwa vidole tu, na upitishe pini. Tundu la pini lisipolingana, legeza kidogo, usikaze. Baada ya kilomita mbili tatu simama, weka kiganja kwenye habu. Uvuguvugu hauna neno. Ukishindwa kuacha mkono hapo, legeza.

Na mzigo wenyewe je? Mvinje ni mti mzito, mita moja ya ujazo wa mti mtupu, hata ukikauka, hukaribia kilo 800 hadi 1,000, na ukiwa mbichi zaidi. Ukipakia siku ile ile ya kukatwa, unasukuma maji ambayo mteja hayahitaji. Acha vipande shambani Ganda wiki kadhaa, vimepasuliwa na kuinuliwa juu ya mawe, kisha ndiyo upakie. Panga vinene juu ya ekseli, si mwisho wa nyuma; mikono ya mkokoteni ibaki na uzito kidogo wa kushuka, kiasi cha kuinua bila kukaza mgongo. Mikono ikitaka kupanda juu, kila shimo linakurusha wewe, na ekseli inapigwa kama nyundo.

Nitajuaje kama kuni ni kavu?

*Mhariri, hujambo. Nakaanga samaki jioni hapa Shela, Malindi. Nanunua kuni nikiambiwa kavu, nikiwasha ni moshi na machozi. Na masika ndiyo hiyo, hata zilizokuwa kavu zinarudi kuwa mbichi. – Mama wa samaki*

Hatujambo mama, pole kwa moshi. Kabla ya kutoa pesa, chukua vipande viwili vya tita lile lile uvigonganishe. Kavu hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa mlio mzito. Angalia kichwa cha kipande: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na ganda linabanduka kwa kucha. Lakini muuzaji mjanja huanika vichwa tu juani, kwa hiyo mwambie apasue kimoja kinene mbele yako na uweke upande wa ndani, uliopasuliwa sasa hivi, kwenye shavu. Ukihisi ubaridi na unyevu, hiyo ni mbichi.

Hesabu yake ni hii. Mti mbichi unaweza kuwa na maji hadi nusu ya uzito wake, na kuni nzuri za jikoni zisizidi asilimia 20. Kilo 100 za kuni zenye maji nusu kwa nusu, zikikauka kufikia asilimia 20, hubaki kama kilo 62. Na joto la kilo moja ya mbichi ni nusu hivi, au zaidi kidogo, ya joto la kilo moja ya kavu, kwa sababu moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha mafuta yako. Ukinunua mbichi kwa bei ya kavu umelipa mara mbili.

Ukitaka uhakika, tumia mizani yako ya samaki. Tia alama kwenye vipande vitatu, vipime kila Ijumaa. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, zimefika.

Kuhifadhi: nunua za kutosha wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua na upepo vikiwa vikavu, kwani mvua kubwa ya Malindi hushika Aprili na Mei. Zipasue ziwe unene wa kifundo cha mkono. Ganda la mti likibaki zima huzuia maji yasitoke, na gogo zima linaweza kukaa nusu mwaka na bado likawa bichi ndani. Weka mawe au matofali chini, kisha boriti mbili, kisha kuni, ziinuke angalau kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini kwa ajili ya mchwa. Funika juu tu, kwa mabati au makuti. Ubavu uache wazi. Wengi wanafunga rundo zima kwa turubai mpaka chini, na mvuke unaotoka kwenye kuni unarudi kwenye kuni. Usiegemeze rundo ukutani, acha nafasi ya mkono kupita, na asubuhi usiingize mkono kabla ya kugonga kwa fimbo: nge anapenda sana mahali hapo.

Mvua ikizilowesha kuni ambazo tayari zilikauka, usiwe na wasiwasi. Maji hayo yako juu tu, siku mbili tatu za upepo zinayaondoa. Zako zinazorudi mbichi tunashuku hazikuwahi kukauka.

Msumeno unakata upinde

*Nina shamba la mvinje Msabaha na msumeno wa petroli. Zamani ulikuwa unashuka wenyewe, sasa lazima niukandamize, unatoa unga na moshi, na mkato unaenda kulia kila mara. Nimenunua mnyororo mpya, wiki moja tu umerudi vilevile. – Mwenye shamba*

Dalili zako tatu zina majibu tofauti, ingawa mzizi wake tunaukisia ni mmoja: mchanga.

Unga badala ya vipande maana yake meno ni butu. Mnyororo mkali hutoa vipande vyenye umbo, unaweza kuviokota kwa vidole. Ukishaona unga, simama hapo hapo. Kukandamiza msumeno butu huunguza baa (ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo), klachi na mwisho injini. Na kinachotia ubutu haraka kwenye shamba la pwani si mvinje, ni magogo yaliyoburutwa mchangani. Ganda linashika mchanga, jino likigusa mara moja tu ukali umekwisha. Kabla ya kukata gogo lililoburutwa, menya ganda kwa panga upana wa kiganja pale unapotaka kukata, na uweke kipande cha mti chini ili ncha isiguse ardhi. Shina la mnazi nalo ni adui: nje yake ni ngumu sana na lina mchanga wa asili ndani ya nyuzi zake. Ukilazimika kulikata, tumia mnyororo wa zamani.

Mkato kwenda kulia: meno ya kushoto ni mafupi au butu kuliko ya kulia, na msumeno unavutwa upande wenye ukali. Hutokea karibu kwa kila mtu anayetia tupa kwa mkono, kwa kuwa upande mmoja mkono unasukuma vizuri na upande wa pili unasukuma kwa shida. Dawa yake: toboa mfereji kwenye kisiki, simamisha baa humo ishike imara. Tia alama ya wino kwenye jino la kwanza. Tafuta jino fupi kuliko yote, hilo ndilo kipimo, mengine yote yashushwe yafikie urefu wake. Tupa ya mviringo ilingane na mnyororo: milimita 4.0 kwa ule mdogo wa inchi 3/8 wa misumeno midogo, 4.8 kwa inchi .325, na 5.2 au 5.5 kwa inchi 3/8 mkubwa. Namba huwa imepigwa kwenye baa. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, nyuzi 30 kama mstari ulio juu ya jino unavyoonyesha, na inua tupa unaporudi. Meno yakishalingana urefu, idadi ya misukumo iwe sawa kwa kila jino. Maliza upande mmoja wote, geuka, fanya wa pili.

Usisahau kile kijino kifupi kilicho mbele ya kila jino, kinachopima kina cha kukata. Jino linavyotiwa tupa linashuka, kijino kinabaki juu, na hata jino likiwa wembe haligusi mti. Kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Kishushe kwa tupa bapa, kila baada ya kunoa mara tatu hivi, na uviringe kona yake ya mbele. Ukikishusha mno msumeno utaruka na kung'ata, ni hatari kuliko butu.

Ukishafanya haya na bado unakwenda kulia, toa baa uisimamishe kwenye kigae bapa. Ikilala upande, kingo zake zimelika kutofautiana. Fundi anaweza kuzisawazisha kwa tupa zikiwa bado nene. Kuzuia hilo, geuza baa juu chini kila unaponoa.

Moshi sasa. Moshi kwenye baa ni mafuta ya mnyororo hayafiki. Safisha mfereji kwa kijiti cha bati, zibua tundu dogo la mafuta lililo karibu na mwili wa msumeno, kisha elekeza ncha kwenye karatasi nyeupe na uongeze moto: mstari mwembamba wa mafuta lazima uonekane. Usipoonekana, pampu au chujio lake limeziba, mara nyingi kwa sababu ya mafuta machafu ya gereji ambayo watu hutumia kwa kuwa ni ya bure. Ukikosa mafuta ya mnyororo, weka mafuta mapya ya injini ya namba 30. Mnyororo wenyewe ukiwa baridi uweze kuvutwa kwa mkono kuzunguka baa, lakini usining'inie chini.

Moshi ukitoka kwenye injini, angalia mchanganyiko. Kwa mafuta mazuri ya injini za aina hii ni sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kwa mafuta ya kawaida ni 1 kwa 25, mililita 200 kwa lita 5. Kukisia kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoua pistoni. Petroli iliyochanganywa isikae zaidi ya mwezi.

Baa ikibanwa ndani ya gogo, usiivute injini ikiwaka. Zima, pigilia kabari. Gogo lililoegemea ncha zote mbili likate theluthi kutoka juu, umalizie kutoka chini. Lililoning'inia ncha moja, anza theluthi kutoka chini, umalizie kutoka juu. Na robo ya juu ya ncha ya baa isiguse kitu chochote, ndiyo inayorusha msumeno usoni.

Punda ana vidonda

*Shikamoo mhariri. Natoa kuni shambani hadi Matondoni kwa punda. Amepata vidonda mgongoni juu ya mabega na mbavuni. Wazee wanasema nipake oili. Pia nauliza kama matawi makavu ya mikoko naweza kuchukua. – Kijana wa Matondoni*

Marahaba kijana. Oili usipake, inaunguza nyama na kushika vumbi. Chemsha maji, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yakipoa osha mara mbili kwa siku, fukuza nzi, na punda asibebe chochote mpaka ngozi ifunge na manyoya yaanze kurudi. Kidonda kikinuka au kikiwa na shimo, mpeleke hospitali ya punda mjini Lamu, ipo tangu 1987 na kazi yake ni hii.

Akipona, mzigo usirudi vile vile. Vidonda vya juu ya mabega vinasema kwamba matandiko yanakaa juu ya uti wa mgongo. Shona mito miwili, mmoja kila upande, iache uwazi wa vidole vitatu katikati ili uti usiguswe. Ijaze usumba mkavu au nyasi kavu, na upande unaogusa ngozi uwe pamba, si gunia la nailoni. Mbavu zinaumizwa na vichwa vya kuni: zikate urefu wa sentimita 60 hadi 70, zisifike begani wala kwenye nyonga, na zitie ndani ya shogi, kile kikapu cha pande mbili cha punda, badala ya kuzifunga kwa kamba tupu. Pande zilizopasuliwa zitazame nje.

Kwa punda wa kimo cha Lamu, kilo 50 pamoja na shogi ni ukomo, 25 kila upande. Pima pande zote mbili kwa mizani ya kuning'iniza. Kilo tano zikizidi upande mmoja, shogi huteleza na mkanda hukata. Mkanda wa tumbo uingie vidole viwili. Na hapa tena, kuni mbichi ndizo zinazojaza kilo 50 kabla shogi halijafika nusu.

Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo inaangaliwa. Hata tawi kavu linahitaji kibali cha Huduma ya Misitu. Nenda ofisini kwao kwanza.

Tita linalomwagika

*Sisi akina mama tunaookota kuni pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke tunasumbuliwa na matita yanayofunguka njiani, na shingo zinauma. Je, kibali ni lazima hata kwa kuokota? – Gede*

Kibali ni lazima mama, chini ya sheria ya misitu ya 2016. Ulizeni kituo cha misitu cha Gede au chama cha jamii cha msitu mlio karibu nacho. Kuni ziwe zilizokufa na kuanguka zenyewe. Mti uliosimama, hata ukiwa mkavu, ni nyumba ya ndege na usiuguse.

Tita hufunguka kwa sababu limefungwa katikati kwa kamba moja. Tumieni kamba mbili, kila moja robo ya urefu kutoka mwisho. Tandikeni kamba chini sambamba, pangeni fito nene na zilizonyooka chini na pembeni, nyembamba na zilizopinda ziingie katikati. Vichwa vinene vipishane, nusu huku nusu kule, tita lisiwe zito upande mmoja. Kaza kwa goti, funga, kisha penyeza kijiti imara chini ya kamba na ukizungushe mara mbili tatu mpaka kamba ilie, halafu kifungwe kisirudi. Baada ya mwendo wa dakika kumi kuni hujipanga upya. Ongezeni mzunguko mmoja. Kamba ya makumbi inashika kuliko ya nailoni, ambayo huteleza kwenye fundo.

Shingo: tita lisipite kilo 20, na urefu usizidi mita moja na nusu, kwani refu hucheza juu na chini kila hatua na shingo ndiyo inayolizuia. Kata ya kuwekea tita kichwani iwe ya khanga kuukuu iliyosokotwa ngumu na kukaa bapa, si kitambaa kilichokunjwa. Msiinue peke yenu kutoka chini. Egemezeni tita kwenye mti mlisimamishe, kisha muingie chini yake.

Mpini unavunjika shingoni

*Shoka langu la dukani limekula mipini mitatu mwaka huu. Nimejaribu kuliloweka majini usiku ili lishike. – Marafa*

Kuloweka acha. Mti huvimba, nyuzi zinajiponda ndani ya tundu la chuma, zikikauka mpini unalegea kuliko jana.

Tafuta mpera ulionyooka, usio na jicho la tawi, uupasue badala ya kuutumia mzima na kiini chake. Ukaushe kivulini miezi miwili au zaidi, vichwa vimepakwa nta au rangi visipasuke. Unapochonga, nyuzi zipite kutoka mwisho hadi mwisho bila kukatika ubavuni. Nyuzi zikitoka nje karibu na shingo, hapo ndipo utavunjika. Ingiza kwa kuuelekeza chuma chini na kugonga kitako cha mpini kwa gogo, chuma kitapanda chenyewe. Kabari ya mti mkavu kwanza, kisha ya chuma kwa mshazari.

Lakini mipini mitatu kwa mwaka ni mkono pia. Unapiga mbali, chuma kinapita gogo na shingo inagonga ukingo. Sogea nyuma nusu hatua, na gogo uliweke upande wa mbali wa kisiki ili shoka likikosa liangukie kisiki. Gogo lenye macho usilipige katikati. Banja pembeni, ukifuata nyufa zilizokwisha kujifungua.

Kwa ufupi

*Kuni za mwarobaini zinatia uchungu kwenye chakula?* (Malindi) Kwenye sufuria iliyofunikwa, hapana. Kwa kuchoma samaki juu ya moto wazi, moshi wake unabaki mdomoni. Tumia vifuu vya nazi au mvinje. Mnyaa usiukate kabisa kwa kuni, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

*Tumepata mbao za jahazi bovu bure.* (Lamu) Zenye rangi msipikie. Zisizo na rangi zina misumari, kwa hiyo tumieni msumeno wa mkono, na chumvi iliyomo hula jiko la bati haraka. Zinafaa kwenye mafiga ya mawe. Nguzo za stima zilizotiwa dawa ni sumu hata jivu lake.

*Tairi za tuktuk zinatobolewa na miiba ya mathenge.* (Gongoni) Mwiba unaovunjikia ndani ya mpira ndio unaoleta pancha ya pili siku ya tatu. Toa tairi, pitisha pamba ndani yake pole pole, itanasa pale ncha ilipo. Ing'oe kwa koleo kutoka ndani, si kwa kuisukuma nje. Kisha kata ukanda wa tairi kuukuu, laini pande zote kwa msasa, uuweke kati ya tairi na tyubu. Matawi ya mathenge yakwanyuliwe miiba huko huko kichakani, na miiba ichomwe hapo, isiachwe njiani mnakopita kesho.